Bwana wa Usiku

Agosti 2024, mara ya mwisho nilipolala nyumbani kwetu Alimbongo, mama alinipeleka kwenye chumba cha maombi. Sikukataa. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, amewasha makaa, amenichemshia maji ya kuoga, maana kwetu mtu haogi maji baridi: tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingine ukungu hukaa hadi saa nne na nyumba ya jirani huioni. Tukashuka kwa miguu katikati ya mashamba ya viazi na kabichi. Ndani ya chumba tulikuwa wanawake kama kumi na wawili. Mama mmoja mtumishi, ambaye sitamtaja, aliniwekea mkono kichwani akaniuliza umri wangu. Ishirini na tatu. Umeolewa? Hapana. Unafanya nini? Nasoma chuo Butembo, isimu, lugha za Kiafrika. Akafumba macho kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya muuguzi anayesoma karatasi ya maabara: "Huyu ana bwana ya usiku."

Akamweleza. Ni mrefu. Anavaa suti. Haongei sana. Ana nyumba kubwa yenye taa nyingi, chini ya maji. (Alimbongo hatuna maji makubwa, Ziwa Edward liko mbali kule chini, mashariki. Lakini sikuona kama ulikuwa wakati wa kuuliza swali la jiografia.) Alikuwa akinijia tangu nilipoanza masomo. Ndiye aliyenipa akili ya kufaulu mitihani, na kwa sababu hiyo hataki mwanamume mwingine anikaribie.

Nikiri kwamba sikuogopa kwanza. Kwanza nilitaka kucheka, kwa sababu nilimjua mtu huyo. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemaliza kusoma, kwenye simu, Le Livre perdu des sortilèges, yaani tafsiri ya Kifaransa ya riwaya A Discovery of Witches ya Deborah Harkness, Mmarekani ambaye yeye mwenyewe ni mwanahistoria. Riwaya ilitoka mwaka 2011. Mhusika mkuu, Diana Bishop, ni msomi wa historia ya alkemia. Yuko Oxford, katika maktaba ya Bodleian, anaagiza hati ya kale iletwe mezani kwake, na kuanzia hapo anafuatwa na Matthew Clairmont: mrefu, mtanashati, mkimya, wa ukoo mkubwa wa Ufaransa, mwenye umri wa miaka 1,500 hivi, mnywa damu. Hapo kuna msomi, kuna bwana mkubwa asiyejulikana vizuri, na kuna mapenzi kati yao. Yule mama mtumishi hakuwahi kufungua kitabu hicho, na bado alinisimulia mhusika wake sifa kwa sifa.

Hofu ilikuja usiku, nilipokuwa nimelala na kujiuliza mama ameamini kiasi gani.

Ninaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye hapa kitivoni. Katika semina ya fasihi mwenzetu mmoja aliomba kufanya kazi yake ya mwisho wa masomo juu ya riwaya za namna hii, ambazo nusu ya wasichana wa promosheni yetu wanazisoma kwenye simu. Akajibiwa kwamba hizo ni pipi, zinaharibu meno, na kwamba kitivo cha lugha za Kiafrika kina mambo ya maana zaidi ya kushughulikia. Aliyejibu ni mwalimu ninayemheshimu, na nilimwambia kwamba ningeandika. Nadhani amekosea. Hadithi ya msomi na bwana wa ajabu ni hadithi yetu tayari, inasimuliwa kila wiki katika Kiswahili, Butembo, Beni na Lubero, na inaamua maisha ya watu. Tofauti iko kwenye nani anaisimulia na kwa kitenzi gani.

Kwanza tumtazame yule bwana wa Ulaya, maana naye ana historia yake na si ndefu sana. Mnywa damu wa masimulizi ya vijijini huko Ulaya ya Mashariki hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa maiti ya mkulima, imevimba, inarudi kusumbua ndugu zake. Aliyemvika nguo nzuri katika Kiingereza ni John Polidori, daktari wa mshairi Byron, katika hadithi yake fupi The Vampyre ya mwaka 1819. Lord Ruthven, mnyonyaji wake, ana cheo, anaalikwa kwenye karamu za London, na wasomaji wa wakati ule walimwona Byron mwenyewe ndani yake. Mwaka 1897 Bram Stoker akamleta Dracula, kabaila mwenye ngome mlimani. Katika Dracula msomi yupo, Profesa Van Helsing, lakini kazi yake ni kumwinda bwana huyo, si kumpenda. Ilichukua zaidi ya miaka mia nyingine hadi msomi awe mwanamke, akae upande ule mwingine wa meza, na aanze kusema "mimi". Sehemu kubwa ya riwaya ya Harkness inasimuliwa na Diana mwenyewe, katika nafsi ya kwanza. Sisemi kitabu hakina kasoro. Matthew ana tabia ya kuamua mambo ya Diana bila kumwuliza, na kurasa za divai na chai ni nyingi mno. Lakini msichana yule anasimulia mambo yake mwenyewe, na hakuna anayemsimulia mbele ya mama yake.

Sasa tuje kwetu. Pwani, kutoka Lamu hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wanamfahamu jini mahaba: jini anayempenda binadamu, anamjia ndotoni, anamwonea wivu, anavunja posa moja baada ya nyingine. Huku Kongo, katika makanisa ya uamsho, jina lililoenea ni la Kifaransa, mari de nuit, na Kiswahili chetu kikalitafsiri: bwana ya usiku. Mimi nitaandika bwana wa usiku, kwa upatanisho wa sanifu, wahadhiri wasije wakanikata alama. Wapo pia wanaume wenye bibi wa usiku, lakini katika vyumba vya maombi nilivyovipitia mimi, hesabu haikuwa sawa kwa sawa. Na anayetafutiwa bwana huyo kwa haraka zaidi ni msichana aliyesoma na hajaolewa. Mantiki yake ni nyepesi: umri umefika, wanaume hawaji, na bado anafaulu, basi yupo anayelipa.

Linganisheni na mchoro wa mamba muntu. Waliokulia Lubumbashi wanaujua, na watafiti kama Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian waliuandikia tangu miaka ya 1970: mwanamke wa majini, nusu mtu nusu samaki, mrembo, uliotundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za Katanga. Hadithi inayokwenda na mchoro ni ya mwanamume anayefanya mapatano na huyo mwanamke wa maji, akapata mali. Anapata kwa gharama, ndiyo, mara nyingi gharama mbaya. Lakini yeye ndiye aliyepatana. Alikwenda majini, aliahidi, alipokea, alivunja au hakuvunja ahadi. Kila kitenzi katika hadithi yake ni cha mtu anayetenda. Msichana mwenye bwana wa usiku hakwenda popote. Alilala tu.

Hapa ndipo isimu inaponipa cha kusema. Chukueni kamusi yoyote ya Kiswahili muorodheshe vitenzi ambavyo lugha yetu hutumia mtu anapokutana na kisichoonekana. Kupagawa. Kukumbwa. Kurogwa. Kuingiwa. Kupandwa na pepo. Kuchezewa. Vyote vina kiambishi -w-, kauli ya kutendwa. Kupagaa kupo, lakini ni kazi ya pepo, binadamu hupagawa. Halafu ongezeni kitenzi cha ndoa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na mwanafunzi mgeni wa Kiswahili hufundishwa hivyo katika wiki za mwanzo kabisa. Mwanamume akisemwa "ameolewa", watu wanacheka: maana yake anakaa kwa mke na kulishwa.

Bwana wa usiku amejenga nyumba yake pale hasa vitenzi hivi vinapokutana. Tukisema "ameolewa na jini", -w- ya ndoa na -w- ya kupagawa zimekuwa -w- moja. Sarufi haina kazi ya ziada ya kufanya. Mwanamke ambaye katika sentensi ya kawaida ya ndoa yuko upande wa kutendwa, anahamishiwa kwenye sentensi ya pepo bila kubadilisha hata herufi. Ndiyo maana, nadhani, habari hiyo husadikika haraka inaposemwa juu ya msichana. Sentensi ilikuwa imeshaandaliwa.

Sidai kwamba sarufi inatufunga. Wahadhiri wetu wametuonya mara nyingi dhidi ya kudhani kwamba lugha ni gereza la fikra, na ushahidi dhidi ya dhana hiyo uko ndani ya sarufi hiyo hiyo. Tazameni sentensi tatu: Anapendwa na Petro. Ameolewa na Petro. Anapendana na Petro. Neno "na" limekaa mahali pale pale katika zote. Katika mbili za kwanza linamtaja mtenda, katika ya tatu linamtaja mwenzi. Kilichobadilika ni kiambishi kidogo ndani ya kitenzi, -an- badala ya -w-. Na kwa ndoa tunacho pia: kuoana. Wameoana. Si neno la wanaharakati wa mjini, ni Kiswahili cha siku zote, hata wazee wanalisema bila kusita. Kinande, lugha tunayozungumza nyumbani, nacho kina -an- hiyo hiyo, kama lugha nyingi za Kibantu: erianza, kupenda, erianzana, kupendana.

Lakini jaribuni kutamka kwamba mtu na jini "wameoana". Nilijaribu kwa wenzangu sita wa promosheni, bila kuwaeleza sababu (si utafiti, msinishambulie kwa ukubwa wa sampuli). Wote walielewa, wanne walitabasamu, na mmoja aliniambia: "Hapo sasa unafanya hadithi." Ndiyo. Hapo ndipo hadithi ya mapenzi inapoanzia, na hapo ndipo mashtaka yanapokoma. Mtu aliyepagawa huombewa, hufungishwa siku tatu bila kula, hutolewa chuoni. Mtu anayependana na kitu anaulizwa maswali ya aina nyingine: ulimwona wapi, ulimjibu nini, ulitaka nini wewe?

Jambo jingine linawezekana katika Kiswahili kuliko katika Kifaransa nilichosomea riwaya ile. Kiambishi a- hakisemi kama anayekuja ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kifaransa lazima achague il au elle tangu mlango unapofunguliwa; wetu anaweza kukaa kurasa nyingi na "aliingia", "aliketi", "hakugusa chakula", na msomaji bado anasubiri. Tena tuna ngeli. Mzimu, kwa umbo, uko pamoja na mti na mto: mzimu umekuja, mizimu imekuja. Lakini wasemaji wengi hufika mahali wakasema mzimu amekuja, kwa upatanisho wa kitu chenye uhai. Mwandishi mzuri angeweza kuweka mapenzi yote katika hatua ile ya kutoka "umekuja" hadi "amekuja". Mwanafunzi wa Oxford hana kifaa hicho.

Riwaya yetu imelikaribia jambo hili ikageuka. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotolewa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, ina mahali pa kutisha, ina maiti, ina tajiri mwenye ardhi. Na ina msomi, Bwana Msa, na kiko chake. Lakini Bwana Msa anauendea mzimu kwa akili tu, anauondolea giza, anarudi nyumbani. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze alimpa jini Huria heshima na sauti, ila Huria ni mlinzi na mwamuzi. Namtafuta bado, katika riwaya tunazosomeshwa, msomi mwanamke anayeingia gizani kwa hiari yake na kutoka akiwa na la kusimulia. Kama yuko mahali, mwalimu atanionyesha na nitashukuru.

Nimeanza kutafsiri sura za mwanzo za Harkness kwa mazoezi, na nataka kuzungumzia maneno mawili yaliyonitesa, kwa sababu yanaonyesha kwamba hii si pipi.

La kwanza ni jina la mnywa damu. Wenzangu wengi walisema haraka: mumiani. Nakataa. Mumiani ni neno lililotoka Uajemi, lenye undugu na neno la maiti zilizokaushwa za Misri, na kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kwanza kama dawa nyeusi kama utomvu, ya kutibu mifupa na maumivu, kisha inataja imani ya watu kwamba dawa hiyo ni damu ya binadamu waliouawa. Kutoka kwenye dawa, jina likahamia kwa mtu anayeitafuta. Lakini mtu huyo ni nani? Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, na ndani yake mnyonya damu wa Afrika Mashariki ni mfanyakazi. Ni zimamoto wa Nairobi, ana gari, ana sare, ana mshahara, ana bosi Mzungu. Mombasa mwaka 1947 uvumi wa mumiani ulizua ghasia dhidi ya kituo cha zimamoto. Katanga jina ni mutumbula, kutoka kutumbua, na naye hufanya kazi kwa ajili ya wakubwa. Hakuna hata mmoja wao anayependa mtu. Mumiani hana ngome, hana huzuni, hana macho ya kijivu. Ana zamu.

Katika lugha yetu, basi, damu na mapenzi vimegawanywa. Damu imechukuliwa na mumiani, mahaba yamechukuliwa na jini, na wawili hao hawakai nyumba moja. Mfasiri anayemwita Matthew mumiani anafuta mgawanyo huo kwa neno moja. Na hapa Butembo kosa hilo si la darasani tu. Sisi tulikuwa hapa Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, hadi ilipotangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 2,287 kufa. Eneo la afya la Alimbongo nalo lilipata wagonjwa. Nilikuwa sekondari, na nakumbuka maneno yaliyozunguka juu ya magari ya timu za afya, juu ya damu inayochukuliwa na inapopelekwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika shambulio kwenye kliniki za chuo kikuu hapa Butembo. Sisemi kwamba uvumi wa damu ndio uliofyatua risasi ile. Waliokuwa na silaha walikuwa na sababu zao. Nasema kwamba katika mji wenye kumbukumbu hiyo siwezi kuchukua neno la mtu anayechukua damu kwa ajili ya wakubwa na kulivisha koti la mpenzi. Kwa mnywa damu wa Harkness nimeandika "vampaya", lionekane kuwa geni, libaki geni.

Neno la pili ni cheo chake. Mwami? Nilijaribu siku moja nikafuta. Mwami wa Bamate, wa Baswagha au wa Batangi ni mtu ambaye kila mmoja anajua baba yake, mama yake, ndugu waliokosa kiti, na mpaka wa ardhi yake uko wapi. Hawezi kuwa wa ajabu kwa maana ya Harkness, maana hana nafasi ya kukaa peke yake hata nusu saa. Sultani anatoa harufu ya Zanzibar. Sharifu anabeba dini. Mwinyi ningempenda, lakini nani Lubero anamjua?

Niliporudi kwenye daftari langu la Agosti nililiona neno pale lilipokuwa tangu mwanzo. Bwana. Kwa Kiswahili ni mwenye cheo, ni mwenye watumwa, ni mume, ni mheshimiwa usiyemjua jina, na ni Mungu katika kila wimbo wa Jumapili. Kifaransa kinahitaji seigneur, maître, mari na monsieur. Yule mama mtumishi alipotamka "bwana ya usiku" alidhani anasema mume, na alisema vilevile kabaila. Watu wa makanisa walipolitafsiri mari de nuit kwa Kiswahili walimpandisha cheo bila kujua. Mfasiri hana haja ya kutafuta zaidi. Ila neno linakuja na mzigo wake: msichana anayesema "bwana wangu" amekwisha kuinama nusu. Kwa hiyo katika tafsiri yangu Diana humwita Matthew kwa jina, na ni wengine wanaomwita bwana.

Najua kuna pingamizi. La kwanza, kwamba tukiandika hadithi hizi kwa Kiswahili tutazidisha hofu. Sioni hivyo. Hofu haikusubiri vitabu. Dada mmoja aliyetutangulia mwaka mmoja hapa kitivoni aliacha masomo akiwa mwaka wa pili, kwa sababu nyumbani walikata shauri kwamba madaftari ndiyo mahari aliyolipa yule bwana, na kuyaacha ndiyo kuvunja ndoa. Alikuwa bora kuliko mimi katika fonolojia. Hakuwa na riwaya hata moja. Alikuwa na hadithi moja tu juu yake, iliyosimuliwa na watu wengine, na hakujua kwamba inaweza kusimuliwa kwa namna nyingine. La pili, kwamba imani ya watu isichezewe. Sichezi nayo. Mama yangu anaamini na mimi naendelea kusali. Ninachokataa ni kwamba mwenye hadithi awe mtu wa mwisho kuulizwa.

La tatu ni zito zaidi: kwamba si wakati wake. Desemba 2024 vita vilipanda hadi Alimbongo. Familia yangu ilikimbilia Butembo kama familia nyingine nyingi, na chumba kile cha maombi sijui kama bado kina mlango. Mwenzangu mmoja aliniuliza usoni, utaandika juu ya mapenzi ya majini wakati watu wanalala shuleni? Sina jibu zuri. Nina la ukweli tu: ni katika nyumba hizi za kukimbilia, zenye watu kumi na wanne, ndipo nimesikia habari za bwana wa usiku mara nyingi kuliko wakati wowote. Wasichana hawajaolewa, mahari hazilipwi, posa zimekatika kwa sababu bwana harusi yuko upande mwingine wa barabara. Lazima pawe na wa kulaumiwa, na wenye bunduki hawalaumiki kwa sauti kubwa. Basi inalaumiwa ndoto ya msichana.

Ninachoomba kitivo ni kidogo. Yule mwenzetu aruhusiwe kuandika kazi yake. Semina ya tafsiri ichukue sura moja ya riwaya ya namna hii, yoyote, na tuone vitenzi vyetu vinafanya nini ndani yake. Na jarida hili litenge kurasa chache kwa yeyote atakayeleta hadithi yake mwenyewe ya bwana wa usiku katika nafsi ya kwanza, kwa jina lake au bila jina.

Juma lililopita nilimsomea mama sura ya maktaba. Alikuwa anamenya viazi, nikamwambia ni hadithi ya msichana msomi na bwana mmoja wa ajabu. Alinitazama kidogo, akaendelea kumenya. Nilisoma pale Diana anapoagiza hati, pale anapoigusa, pale anapohisi kuna mtu nyuma yake. Nikasimama, nikidhani amechoka.

"Endelea, mama," akaniambia, maana kwetu mama humwita binti yake mama. Kisha akauliza: "Huyo msichana anamaliza masomo?"

Nikamwambia huyo alishayamaliza, ni mwalimu wa chuo kikuu.

"Haya. Soma."